Chemba za Wafanyabiashara na Manufaa ya Wote

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia



Tulipotangaza kwamba mada ya leo itahusu chemba za wafanyabiashara, baadhi yenu mlituuliza, kwa upole na kwa mshangao, Tume ya Haki na Amani imeingiaje katika mambo ya maduka, leseni na ushuru. Swali hilo ni halali, nasi hatutalikwepa. Tumezoea kuizungumzia haki tunapotaja mahakama, polisi au uchaguzi. Lakini kwa walio wengi kati yetu, haki hutendwa au huvunjwa sokoni kabla haijafika mahakamani. Mtu anaweza kumaliza maisha yake yote bila kusimama mbele ya hakimu. Hawezi kumaliza juma moja bila kuuza au kununua.

1. Gunia lililotuleta hapa

Katika ziara zetu za kutembelea parokia za vijijini tuliketi na wakulima wa viazi siku ya kupakia mazao. Tuliona magunia yakijazwa hadi mdomoni, kisha juu yake yakaongezewa kilemba na kushonwa kwa kamba, hata gunia likawa na shingo na kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa, na hakuna mkulima hapa asiyeijua. Bei iliyotajwa ilikuwa bei ya gunia moja. Mizani haikuwapo.

Mzee mmoja alitukaribia akasema, "Wanangu, ninyi mnaotufundisha haki, hebu tuambieni, ni nani wa kulikata kichwa gunia hili?" Hatukuwa na jibu la haraka.

Siku ile ile tulizungumza na mnunuzi, naye ni muumini mwenzetu, mwenye kuheshimika katika jumuiya yake. Hakutukasirikia. Alisema, "Ndugu zangu, mimi najua kwamba si halali. Lakini nikinunua kwa kilo peke yangu, mwenzangu atapeleka lumbesa mjini, wateja watamkimbilia yeye, na mzigo wangu utanidodea. Nitakuwa mwema, na nitafilisika."

Tuliyatafakari maneno hayo mawili, la mkulima na la mnunuzi, tukatambua kwamba yanaulizia jambo moja. Kuna dhuluma ambayo mtu mmoja, hata akiwa na dhamiri safi, hawezi kuiondoa peke yake. Inahitaji watu wa kazi moja wakae pamoja, wapatane, na waaminiane kwamba hakuna atakayemzunguka mwenzake. Chombo cha kuwaketisha wafanyabiashara pamoja ndicho kinachoitwa chemba. Kwa hiyo tumeona inafaa tukifahamu chombo hicho: kilitoka wapi, kina kazi gani, na nani anakaa ndani yake.

2. Chemba ni nini?

Chemba ya wafanyabiashara ni umoja wa watu na makampuni yanayofanya biashara katika mji, mkoa au nchi, ulioundwa ili kushughulikia mambo wanayoshirikiana wote. Si kampuni, kwa maana haigawi faida kwa wanachama. Si chama cha siasa, kwa maana haigombei madaraka. Wala si idara ya serikali, ingawa hukutana na serikali mara kwa mara.

Chemba inayotajwa kuwa ya kwanza kubeba jina hilo ilianzishwa Marseille, bandari ya kusini ya Ufaransa, mwaka 1599. Wafanyabiashara wa bandari ile walikuwa na shida ambazo mmoja mmoja asingeziweza, zikiwamo hatari za maharamia baharini na gharama za safari. Waliona heri wazibebe pamoja. Utaratibu huo ulienea polepole, na mwaka 1919, vita kuu ya kwanza ilipokwisha, ilianzishwa Chemba ya Kimataifa ya Biashara, yenye makao yake Paris. Waanzilishi wake walipenda kujiita wafanyabiashara wa amani, kwa kuamini kwamba mataifa yanayouziana na kununuliana kwa haki hayana haraka ya kupigana. Mwaka 1923 chemba hiyo ilianzisha mahakama yake ya usuluhishi.

Hata hivyo chemba si za aina moja duniani. Ujerumani na Ufaransa sheria huzipa chemba hadhi ya kiserikali, na mwenye biashara huwa mwanachama kwa kutakiwa na sheria. Nchini Ujerumani chemba ndizo zinazosimamia mitihani ya vijana wanaojifunza kazi viwandani na maofisini. Kijana husoma chuoni na papo hapo hufanya kazi kwa mwajiri. Katika nchi nyingine, kama Uingereza, Marekani na nchi zetu za Afrika Mashariki, uanachama ni wa hiari: anayetaka hujiunga na kulipa ada, asiyetaka hukaa nje. Tofauti hii tuishike vema, kwa sababu tutairudia. Mahali ambapo kujiunga ni hiari, sauti ya chemba ni sauti ya waliojiunga tu.

3. Njia tuliyoipita sisi

Katika nchi zetu chemba zilianza wakati wa ukoloni, nazo zilibeba sura ya ukoloni. Nchini Kenya Wazungu, Waasia na Waafrika kila kundi lilikuwa na chemba yake. Ni mwaka 1965, baada ya uhuru, chemba hizo tatu zilipounganishwa kuwa Chemba ya Taifa ya Biashara na Viwanda. Muungano huo wenyewe ni fundisho: wafanyabiashara wanaweza kujitenga kwa rangi au kwa asili kwa miaka mingi, kila kundi likitetea lake, mpaka atokee mtu wa kuuliza kwa nini soko ni moja na meza ni tatu.

Tanzania tulipita njia nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, njia kuu za uchumi ziliwekwa mikononi mwa umma. Mwaka 1976 maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa katika ile Operesheni Maduka, na mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika, vilivyokuwa sauti ya mkulima tangu siku za KNCU iliyoanzishwa mwaka 1933 huko Kilimanjaro, vilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini pengo lilikuwa limekwisha kuonekana. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Wapo hapa wanaokumbuka jinsi neno "mfanyabiashara" lilivyokaribiana siku zile na neno "mlanguzi".

Hatusemi hayo ili kuwalaumu wazee wetu. Nia ya kumkinga mnyonge asinyonywe ilikuwa njema, na wengi tulisoma shule na kutibiwa kwa matunda yake. Tunasema hayo ili tuelewe kwamba, milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa kuanzia mwaka 1984, na mageuzi ya uchumi yalipoanza kwa kasi mwaka 1986, hapakuwa na chombo kilichozoea kuzungumza kwa niaba ya wafanyabiashara. Ndipo mwaka 1988 ilipoundwa Chemba ya Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Kilimo, inayojulikana kwa herufi za TCCIA, ikafungua ofisi mikoani na baadaye wilayani.

Tunawaomba mlisikilize vema jina hilo. Ndani yake limo neno kilimo. Chemba nyingi duniani ni za biashara na viwanda tu. Waliounda hii ya kwetu walitambua kwamba katika nchi ya wakulima huwezi kuijenga nyumba ya biashara ukamwacha mkulima uani.

4. Mema ambayo chemba inaweza kuyafanya

Kwanza, chemba hupeleka sauti. Mwaka 2001 liliundwa Baraza la Taifa la Biashara, ambalo mwenyekiti wake ni Rais, na ambamo serikali na sekta binafsi huketi pamoja. Yapo pia mabaraza ya biashara ya mikoa na ya wilaya, yakiongozwa na Wakuu wa Mikoa na Wakuu wa Wilaya. Chemba ni mmojawapo wa wale wanaoisemea sekta binafsi katika vikao hivyo. Mahali baraza linapokutana kweli na kumbukumbu zake zikafuatiliwa, choo cha soko hujengwa, barabara ya mazao hutengenezwa, na tozo zinazogongana huunganishwa. Mahali lisipokutana, kila mtu hutafuta mjomba wake ofisini.

Pili, chemba hutoa huduma. Hati ya uasili wa bidhaa, ile inayothibitisha kwamba mali imetoka nchini ili ipate nafuu ya ushuru huko iendako, hutolewa na chemba. Kwa wale wanaoishi mipakani tunaongeza neno moja la faida: katika Jumuiya ya Afrika Mashariki upo utaratibu rahisi kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mzigo wake hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na hati yake hupatikana mpakani penyewe iwapo bidhaa ni miongoni mwa zilizokubaliwa. Akina mama wengi huvuka kwa njia za panya, wakinyang'anywa na kudhalilishwa, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba mlango wa halali upo wazi. Kuwafahamisha ni tendo la huruma.

Tatu, chemba inaweza kusuluhisha. Kesi ya deni baina ya wenye maduka wawili yaweza kukaa mahakamani mpaka wote wawili wafunge biashara. Wazee wa kazi wanaoheshimiwa, wakiketi nao kwa siku mbili, huweza kuwapatanisha wakaendelea kuuziana. Upatanisho huo ni kazi ya amani kama upatanisho mwingine wowote.

Nne, nyakati za hatari, chemba inaweza kusimama kati ya wanaogombana. Mwaka 2013 nchi ya Tunisia ilikuwa ukingoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya wanasiasa wawili wa upinzani kuuawa katika mwaka mmoja. Vyombo vinne viliungana kuwaketisha wanasiasa mezani: shirikisho la wafanyakazi, umoja wa wenye viwanda na wafanyabiashara, chama cha kutetea haki za binadamu, na chama cha mawakili. Wafanyakazi na waajiri, waliozoea kukabiliana, walisimama upande mmoja. Katiba mpya ilipitishwa Januari 2014, na vyombo hivyo vinne vikapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2015. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2021 nchi hiyo imeingia katika misukosuko mingine. Amani haijengwi mara moja ikaisha. Lakini damu ambayo haikumwagika mwaka ule haikumwagika.

Karibu nasi, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100. Barabara na reli kutoka Mombasa zilipofungwa, petroli iliadimika hadi Uganda na Rwanda. Wafanyabiashara wa eneo letu walijifunza kwa uchungu kwamba hakuna duka lililo nje ya siasa. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2013, umoja wa sekta binafsi nchini Kenya uliendesha kampeni ya Mkenya Daima ya kuhimiza amani.

5. Hatari zisizofichika

Ndugu wapendwa, tungewadanganya kama tungeishia hapo. Chombo chenye nguvu ya kutenda mema kina nguvu ile ile ya kudhuru.

Hatari ya kwanza ni kula njama. Adam Smith, mwanauchumi wa Scotland ambaye wafanyabiashara wengi humtaja kwa kumsifu, aliwaonya watu tangu mwaka 1776 kwamba wenye kazi moja wakikutana, mara nyingi mazungumzo huishia katika kumpandishia mlaji bei. Ndiyo maana Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza washindani kupatana bei. Chemba inayogeuka kuwa kijiwe cha kupanga bei ya sukari au ya saruji imeisaliti jamii, hata kama kila kikao chake kinafunguliwa kwa sala.

Hatari ya pili ni ndoa ya fedha na madaraka. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti yaliyowazuia viongozi kufanya biashara. Tangu hapo kiongozi na mfanyabiashara wanaweza kuwa mtu mmoja, akivaa kofia hii asubuhi na ile jioni. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali na maslahi yake. Chemba nayo yapaswa kuwa na kanuni kama hiyo: mjumbe ambaye ana zabuni yake katika halmashauri asiwe yeye wa kuzungumza na halmashauri juu ya zabuni kwa jina la wote. Wala mfuko wa chemba usiwe mfuko wa mgombea.

Hatari ya tatu, ambayo kwetu sisi ndiyo kubwa, ni chemba kuwa ya wachache. Tumesema kwamba kwetu uanachama ni hiari na una ada. Mama lishe hana ada hiyo, machinga hana anwani, mkulima wa ekari moja hajui ofisi ilipo. Matokeo yake ni kwamba serikali, ikitaka maoni ya wafanyabiashara, huwaita wenye viti na meza, na kuondoka ikiamini imewasikia wote.

Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka yao wakilalamikia mambo ya kodi na namna walivyokuwa wakitendewa na watoza kodi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikwenda kukutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yalifungwa tena, na safari hiyo mgomo ukaenea katika miji mingine. Hatukusudii hapa kuamua nani alikuwa na haki katika kila dai. Tunachosema ni hiki: maelfu ya watu wanapoona kwamba njia ya kusikilizwa ni kufunga milango, basi vyombo vya mazungumzo, vya serikali na vya wafanyabiashara wenyewe, havikuwafikia mapema. Na siku maduka yanapofungwa, aliyeumia kwanza ni mbeba mizigo aliyetegemea ujira wa siku ile.

6. Turudi kwenye gunia

Sasa tunaweza kumjibu mzee wetu.

Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu. Gunia likihesabiwa kuwa la kilo 100, nalo kwa lumbesa likabeba kilo 130, mkulima ametoa kilo 30 bila malipo. Katika magunia kumi ametoa kilo 300, yaani magunia matatu kamili. Magunia hayo matatu ndiyo ada ya shule, bati la nyumba, na dawa ya mtoto. Lakini si yeye peke yake. Mbeba mizigo hulibeba gunia hilo kwa mgongo wake, akilipwa kama gunia la kawaida. Pale ushuru unapohesabiwa kwa gunia, halmashauri nayo hupunjwa, na hivyo hupunjwa zahanati na shule. Dhambi ya kipimo haina mdhulumiwa mmoja.

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza mauzo ya namna hiyo, na Wakala wa Vipimo ulianzishwa mwaka 2002 kuisimamia. Kenya nao mwaka 2019 waliweka kanuni kwamba mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Kwa nini basi lumbesa bado ipo? Ni kwa sababu ile ile aliyoitaja mnunuzi: kila mmoja anamwogopa mwenzake. Mkaguzi hukamata lori moja, na malori kumi hupita usiku.

Hapa ndipo chemba inapopimwa. Wafanyabiashara kupatana bei ni kosa. Wafanyabiashara kupatana kipimo ni haki. Chemba ya wilaya ikiwaita wanunuzi wote wa viazi, madalali, wenye malori na viongozi wa wakulima, wakaafikiana kwamba kuanzia msimu ujao hakuna anayenunua bila mizani, na kwamba atakayekiuka atatajwa mbele ya wenzake na kufikishwa kwa Wakala wa Vipimo, basi yule mnunuzi mwenye dhamiri hatafilisika kwa wema wake. Polisi hawawezi kufanya hivyo peke yao, wala mahubiri hayawezi peke yake. Ni kazi ya watu wa kazi yenyewe.

Kanisa limefundisha hivyo kwa muda mrefu. Tangu waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, limetetea haki ya watu kuunda vyama vyao. Na katika waraka wa Papa Pio XI wa mwaka 1931 lilieleza kanuni ya auni, kwamba jambo linaloweza kufanywa vema na chombo kilicho karibu na watu lisinyakuliwe na chombo kilicho juu. Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili. Chombo kilicho karibu na watu kisipofanya wajibu wake, hakina haki ya kulalamika pale serikali inapoingilia kati kwa nguvu.

7. Yatupasa kufanya nini?

Tunapendekeza mambo matano, nayo si makubwa kuliko uwezo wetu.

Mosi, waamini wafanyabiashara wajiunge na chemba za wilaya zao, na wasiende huko kutafuta zabuni tu. Waulize hesabu za mwaka. Waulize mkutano mkuu utafanyika lini. Chemba isiyowasomea wanachama wake mapato na matumizi haina uso wa kuidai serikali uwazi.

Pili, wadogo wasiingie mmoja mmoja. Kikundi cha akina mama wa mboga, chama cha waendesha bodaboda, chama cha ushirika cha msingi, vinaweza kuomba kuwakilishwa kama kikundi na kuigawana ada. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakubwa walio ndani, nao, wakumbushwe kwamba neno kilimo halikuandikwa kwenye jina kwa ajili ya kulipamba.

Tatu, kamati za Haki na Amani za parokia zifuatilie kama baraza la biashara la wilaya linakutana, nani anahudhuria, na yaliyoamuliwa yameishia wapi. Hakuna haja ya kugombana na mtu. Kuuliza kwa heshima, na kurudi kuuliza tena, kunatosha kuanzia.

Nne, parokia iwe mfano. Tunaponunua mahindi ya seminari, mchele wa sherehe au viazi vya shule ya bweni, tununue kwa mizani. Tuliumia katika moja ya ziara zetu tulipokuta jiko la taasisi inayobeba jina la mtakatifu likipokea lumbesa. Tuliuliza. Tuliambiwa, "Ndivyo soko lilivyo." Ndugu zangu, soko ni sisi.

Tano, wenye karakana na maduka wapokee vijana. Tangu sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA, vyuo vya ufundi vimeongezeka, lakini kijana asiyewahi kushika kazi ya mteja halisi hajakamilika. Chemba iwatafutie nafasi vijana hao, nasi tuwakumbushe wanachama wake kwamba kijana anayejifunza kazi si mtumwa wa bure.

Hitimisho

Tulipomaliza ziara ile tulirudi kwa yule mnunuzi. Tulimwuliza: je, wenzako wote wakikubali mizani, wewe utakubali? Alifikiri kidogo, akasema, "Kesho asubuhi." Kisha akaongeza, "Lakini ni nani wa kutuita?"

Swali hilo tunawaachia ninyi, viongozi wa walei, kwa sababu wengi wenu mna maduka, mna malori, mna mashamba, na mnaheshimiwa na wenzenu. Msingoje aitwe mtu kutoka mbali. 

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika soko letu, ni vipimo gani vinavyotumika? Ni nani anayenufaika navyo, na ni nani anayepunjika?

2. Je, wilaya yetu ina ofisi ya chemba? Ni nani kati yetu ni mwanachama, na je, wachuuzi na wakulima wadogo wana mwakilishi humo?

3. Kuna tofauti gani kati ya wafanyabiashara kupatana bei na kupatana kipimo? Toeni mifano ya mahali petu.

4. Parokia, shule na vikundi vyetu vinanunuaje mazao? Ni jambo gani moja tunaloweza kulibadilisha kabla ya msimu ujao wa mavuno?

5. Ni nani wa kuwaita wanunuzi na wakulima wakae meza moja? Tajeni watu, na pangeni siku.